Mchagua jembe si mkulima: Ushindi hauko kwenye kontrola

"Shangazi, si mimi. Ni hii kontrola."

Hivyo ndivyo mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi wa shule ya upili, alivyojitetea Jumamosi moja baada ya kuangushwa mara saba mfululizo na kijana wa jirani aliye mdogo kwake. Mchezo wenyewe ulikuwa Street Fighter 6, ule wa ngumi na mateke kwenye televisheni. Kabla sijaketi, alikuwa amekwisha kunieleza kwamba dawa ni moja tu: nimnunulie stiki, ile yenye mkono wa kushika na vitufe vinane kama mashine za zamani. Bei yake ilinifanya niulize kama inapika chapati pia.

Sikumkatalia papo hapo. Nilimwambia nitachunguza kwanza. Mzazi mwenzangu, ikiwa nawe unasumbuliwa na ombi kama hilo, haya hapa niliyoyapata.

Sekunde moja, picha 60

Picha ya mchezo wa aina hii hubadilika mara 60 kwa kila sekunde. Picha moja huitwa fremu, na kila pigo limepimiwa fremu zake: za kuanza, za kugonga na za kuurudisha mkono. Ngumi nyepesi ya wahusika wengi wa Street Fighter 6 hugonga katika fremu ya nne. Hiyo ni sehemu moja ya 15 ya sekunde. Binadamu naye huhitaji takriban robo sekunde, yaani fremu 15 hivi, kuona jambo na kubonyeza kitufe.

Ni kusema kwamba ukingoja kuiona ngumi hiyo, imekwisha kukufika! Ndiyo sababu mchezaji stadi hamtegemei macho peke yake. Husoma tabia za mpinzani na kukisia atakalofanya. Pia hujua ni mapigo gani mazito ambayo yakikosa shabaha humwacha mwenyewe wazi, na hapo ndipo humwadhibu.

Hata pigo maarufu la Ryu, lile la kurusha mpira wa moto, lina saa yake. Unasukuma chini, unapitia mshazari, unamalizia mbele, kisha unabonyeza ngumi. Nilimtazama kijana wangu akijaribu. Kidole cha kulia kilitangulia kabla cha kushoto hakijafika mbele, na badala ya moto ikatoka ngumi ya kawaida. Kontrola haikuwa na kosa lolote.

Mateke 15 ya mwaka wa 2004

Wapenzi wa michezo hii hawachoki kusimulia mashindano ya Evo ya mwaka wa 2004 huko California, Marekani. Mjapani Daigo Umehara, akicheza na Ken katika Street Fighter III, alikuwa amebakiwa na uhai kidogo sana. Mpinzani wake, Mmarekani Justin Wong, akamwachia pigo kuu la Chun-Li, lenye mateke 15 ya mfululizo. Kujikinga kwa kawaida kusingemfaa, kwa kuwa pigo kuu hupunguza uhai hata likikingwa.

Njia ilikuwa moja: kusukuma mbele, kumwelekea adui, pale pale teke linapofika. Umehara alifanya hivyo kwa kila teke, yote 15, kisha akajibu na kushinda pambano hilo. Sukumo la kwanza ilibidi alifanye hata kabla ya kuliona teke. Yale yalikuwa mazoezi, wala si bahati.

Aina tatu za vifaa

Kontrola ya kawaida inayokuja na mtambo huchezwa kwa vidole gumba. Ni nyepesi, na wengi wameizoea tangu utotoni.

Stiki ilitokana na kumbi za michezo za zamani. Mkono mmoja huendesha mwelekeo, vidole vya mkono wa pili vikigawana vitufe. Humfaa anayetaka kubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja.

Aina ya tatu haina mkono wa kushika. Kila mwelekeo una kitufe chake, hivyo kidole hakisafiri kutoka nyuma kwenda mbele. Hapa kweli kuna faida ya kasi, hata vikazuka ubishi kuhusu haki. Mwaka wa 2019 kampuni ya Capcom ilikataza kifaa kimoja cha aina hiyo alichokuwa akikitumia Umehara.

Je, kifaa huleta ushindi? Mwaka wa 2014 taji la Ultra Street Fighter IV katika Evo lilikwenda kwa Mfaransa Olivier Hay, maarufu kama Luffy. Wakati wengi walibeba stiki za fahari, yeye alikuja na kontrola ya PlayStation ya kwanza kabisa, mtambo uliotoka mwaka wa 1994. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima.

Kabla ya kufungua mkoba

Kwanza, kagua televisheni. Nyingi za kisasa huchelewesha picha zikiipamba, na mtoto hulaumiwa bure. Tafuta katika mipangilio hali ya michezo, uiwashe. Haigharimu hata senti.

Pili, Street Fighter 6 na Tekken 8 zina uwanja wa mazoezi unaoonyesha fremu. Achague pigo moja alirudie dakika kumi, upande wa kushoto na wa kulia, kabla ya kumwita jirani.

Tatu, Street Fighter 6 ina njia rahisi ya kutoa pigo maalumu kwa kitufe kimoja. Pigo hilo huumiza kidogo kuliko lile la njia ndefu, lakini anayeanza hujifunza wakati wa kupiga bila kupigana na vidole vyake.

Nilikubaliana na kijana wangu afanye hivyo wiki tatu, baada ya kazi za shule, kisha tuzungumze. Wiki ya tatu jirani alirudi. Katika mapambano saba, wangu alishinda matatu.

Stiki bado anaitaka. Lakini alipoangushwa mara ya mwisho hakuitazama kontrola. Alitikisa kichwa akasema, "Shangazi, nilibonyeza mapema."