Kiranja ni amana, si fimbo ya mwalimu

Ndugu wazazi na walezi, leo tunapenda tuzungumzie jambo ambalo aghalabu tunawaachia walimu peke yao, nalo ni uongozi wa watoto wetu katika shule za msingi.

Hapa Sinza, mahali palipopimwa viwanja katika miaka ya 1970 na ambapo kwa muda mrefu palikuwa chini ya Kinondoni kabla ya kuundwa Manispaa ya Ubungo, watoto wengi wa Kiislamu huamkia shuleni na jioni huelekea madrasa. Kila mwaka, wanafunzi wa darasa la mwisho wanapokaribia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, uongozi huhamia kwa wadogo zao. Hupatikana kaka mkuu na dada mkuu, viranja wa usafi, wa mazingira na wa taaluma, pamoja na monita wa kila darasa. Mtoto aliyeteuliwa hurudi nyumbani na furaha. Mama humpongeza, baba huwasimulia wenzake baada ya swala. Lakini ni wangapi kati yetu humwuliza mtoto huyo: je, wenzako watakutuma nini?

Tukichunguza tutaona kwamba katika shule nyingi kiranja amefundishwa kazi moja tu. Huandika majina ya wapiga kelele na wachelewaji, kisha huyapeleka kwa mwalimu wa zamu. Wapo hata viranja wanaokabidhiwa fimbo wawachape wenzao. Hilo halina msingi katika sheria. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zimempa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, na viboko visizidi 4. Mwanafunzi hakutajwa humo. Basi mtoto anayewapiga wenzake kwa jina la ukiranja anafundishwa dhuluma angali mdogo, na sisi wahenga walitukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Hasara yake ni kubwa kuliko maumivu ya kiboko. Shuleni mtoto anaweza kunyang'anywa chakula na wakubwa, au kuonewa chooni. Anaweza kusukumwa na makondakta asipande daladala, jambo ambalo wanafunzi wa Dar es Salaam wamelilalamikia miaka mingi. Baya zaidi, anaweza kuandamwa na mtu mzima mwenye nia mbaya. Mtoto wa namna hii hutafuta mtu wa kumwambia. Mwalimu anamwogopa, mzazi yuko kazini hadi usiku. Aliye karibu naye ni kiranja, mtoto mwenzake. Ikiwa kiranja huyo anajulikana kwa daftari la majina na fimbo, mdomo utafungwa, na dhuluma itaendelea kimya kimya.

Uislamu umetuonyesha njia nyingine. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu wale aliowachunga. Mchunga huwalisha na kuwakinga walio chini yake. Na Abu Dharr (R.A.) alipoomba apewe uongozi, Mtume alimjulisha kuwa uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa majuto ila kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Kiranja naye amebeba amana kwa kadiri ya umri wake. Amana hiyo ni kuchukua maneno ya mnyonge na kuyafikisha kwa mkubwa bila ya kuongeza wala kupunguza.

Wako watakaosema kwamba mtoto hana la kusema mbele ya wakubwa. Hebu tutazame Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikuwapo kijana mdogo, na kushotoni kwake wazee. Haki ya kupokea ilikuwa ya aliye kulia. Mtume hakumpita yule mdogo, bali alimwomba idhini ili awatangulize wazee. Kijana akakataa kuiacha fungu lake litokalo kwa Mtume, naye Mtume akampa chombo mkononi. Hakukaripiwa wala hakuambiwa kuwa hana adabu.

Katika Hadithi nyingine Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba ni mti upi unaofanana na Muislamu. Abdullah bin Umar (R.A.) alijua moyoni kuwa ni mtende, lakini alikuwa mdogo kuliko wote, akaona haya kusema. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar (R.A.) alimwambia kwamba angefurahi mno laiti angelisema. Hapo tunajifunza kuwa haya ni jambo jema, ila baba mwema hapendi mwanawe anyamaze na jawabu la haki liko kifuani mwake.

Jambo hili huanzia nyumbani. Katika Surat As-Saffaat, aya ya 102, tunasoma jinsi Nabii Ibrahim (A.S.), akiwa ameona ndotoni amri nzito ya Mola wake, alivyomweleza mwanawe na kumtaka atoe rai yake. Ikiwa Nabii alimsikiliza mwanawe katika jambo zito kama lile, sisi tunashindwaje kumsikiliza mtoto anapoeleza kwa nini hataki kupita njia fulani akienda shule?

Sheria za nchi nazo hazipingani na mafunzo haya. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiweka haki hiyo katika kifungu cha 11. Hivyo shule inayowaita viranja katika kikao, ikasikia habari za vyoo, maji na uonevu, inatekeleza sheria.

Tunapenda pia tuwanasihi wazazi wanaowazuia mabinti wasiwe viranja kwa kuhofia kuwa wataharibika haya zao. Yapo mambo ya usafi wa mwili ambayo binti hathubutu kumweleza mwalimu wa kiume, lakini atamweleza dada mkuu. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwomba awatengee siku yao ya mafunzo, kwa kuwa wanaume walikuwa wamewazidi. Akawatengea. Binti mwenye stara na heshima anayewasemea wenzake anafuata mwenendo huo.

Tusiwasahau watoto wenye ulemavu. Hapa petu ipo Shule ya Msingi Sinza Maalumu, inayofahamika kwa kuwapokea watoto wenye ulemavu wa akili. Wao pia wanapaswa kuwa na wa kuwasemea. Aya za mwanzo za Surat Abasa ziliteremka kwa sababu ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), aliyekuja kutaka mafunzo. Sahaba huyo huyo alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume, na watu wa Madina walianza kufunga kwa kusikia sauti yake.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtoto akiteuliwa, tusimfundishe kujivuna. Tumfundishe kuwa mkweli, na asimsingizie mtu kwa sababu ya ugomvi. Pili, tumwambie waziwazi kuwa likitokea jambo la hatari asilifiche wala asilibebe peke yake, bali alifikishe kwa mwalimu anayemwamini na kwetu. Tatu, tuhudhurie vikao vya wazazi, tuiombe kamati ya shule iwape viranja nafasi ya kusikilizwa, na tukatae fimbo mikononi mwa watoto. Nne, walimu wa madrasa nao wawape watoto majukumu: huyu aadhini, huyu asimamie udhu wa wadogo, yule apokee malalamiko ya wenzake. Na leo Ijumaa, baada ya chakula, kila mzazi amwite mwanawe amwulize habari za shule, kisha anyamaze asikilize mpaka mwisho.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, awajaalie kuwa wachunga waaminifu, na atupe sisi masikio ya kuwasikia kabla hawajachoka kusema. Amin.