Utladalen: Bonde Lisilo na Kiingilio

Huko Norwe kuna bonde liitwalo Utladalen, kando ya milima ya Jotunheimen. Gari huachwa mwanzo wa bonde, halafu ni miguu tu hadi maporomoko ya Vettisfossen, ambayo maji yake huanguka mita 275 kwa mruko mmoja!

Lililonishangaza ni kuwa hakuna kiingilio. Sheria ya mwaka 1957 humruhusu kila mtu, hata mgeni, kutembea nyikani na kupiga hema, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya mtu.

Je, dhoruba ya theluji ikikukuta? Hapo ndipo penye kazi. Pasaka ya 1967 watu 18 walifariki milimani nchini humo, na wananchi wakahimizwa sana kufuata kanuni za mlimani. Ziko tisa. Ya kwanza yasema upange safari na uage, maana usipoaga nani atajua pa kukutafuta? Ya nane ndiyo iliyonigusa: geuka mapema, kurudi si aibu. Sisi hapa, mtu akirudi kabla ya kufika kileleni, si tutamcheka muhula mzima? Kule kanuni yenyewe inamtetea.