Mashine moja, watu kumi: Chagueni kalenda inayojua kukataa

Maabara yenu ina mashine moja ya PCR, na nyote mna projekti ya kumaliza kabla muhula uishe. Daftari la pale mlangoni? Mtu anafuta jina lako, anaandika lake, sampuli zako zinaharibika zikingoja.

Wengi hukimbilia Google Calendar, maana ni ya bure na iko kwa simu. Poa, lakini chunga: kalenda ya kawaida mnayotumia pamoja itakubali watu wawili saa ile ile bila kusema kitu. Mnataka programu inayokataa. Kama chuo chenu kiko kwa Google Workspace, mwombeni msimamizi wa mfumo aisajili mashine yenyewe. Ikishashikwa, ombi la pili linakataliwa papo hapo. Kama hakiko, jaribuni LibreBooking. Pia ni ya bure, ila lazima mmoja wenu aiweke kwenye seva na kuitunza.

Halafu elewaneni kuhusu saa. Saa tatu asubuhi ni 9:00, si 3:00. Usicheke. Kuna mtu ametoka Ruiru alfajiri akitegemea hiyo nafasi.