Mnazi Hauishi Peke Yake

Mkulima mmoja wa Mlingotini aliniita shambani kwake ili anionyeshe hasara iliyompata. Chini ya minazi vilitapakaa vidaka na vitale vilivyopukutika, na juu zilibaki nazi chache tu, ndogo, zenye makovu na utomvu mkavu. Mwenyewe alidhani kwamba ardhi imechoka. Nikamwuliza, "Mzee wangu, wale maji moto waliokuwa katika minazi hii wamekwenda wapi?" Akajibu, "Bwana Shamba, niliwachoma moto, kwa kuwa wakwezi walikataa kupanda. Tena nikaukata na mwembe uliokuwa makao yao." Hapo nikaujua mwanzo wa msiba.

Yatupasa kufahamu kwamba mnazi hauishi peke yake. Miti, majani, wadudu na ndege wa mahali pamoja ni jamii moja, mfano wa watu wa mtaa mmoja: huyu humlisha yule, na yule humzuia mwingine asizidi. Jamii hiyo, pamoja na udongo, maji, hewa na jua, hufanya kitu kimoja. Ukimwondoa mmoja, wengine hutikisika.

Mharibifu wa vidaka ni mdudu mfano wa kunguni, ambaye wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Hufyonza maji ya maua na ya vidaka, na wadudu wachache tu huweza kuleta hasara kubwa. Adui yake ni maji moto, wale chungu wekundu washonao majani mabichi kwa nyuzi zitokazo kwa watoto wao. Hutembea mtini kila mahali, wakiwinda na kufukuza wadudu wengine. Bwana M. J. Way alieleza habari hii katika maandishi ya mwaka 1953, baada ya kuwachunguza chungu wa minazi ya Unguja. Wachina nao, tangu karne nyingi, wamewaweka ndugu wa chungu hawa katika michungwa yao.

Lakini maji moto nao wana adui, nao ni sisimizi wadogo wa rangi ya kahawia wakaao ardhini na penye mashina ya minazi. Hawa hupigana na maji moto na kuwafukuza, wala wao hawamzuii yule mdudu. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba sisimizi hao hupata nguvu palipopaliliwa pakawa peupe kabisa, na maji moto hupata nafuu palipoachwa majani. Basi shamba lililofagiliwa kama uwanja hupendeza macho, lakini huwapa nguvu adui.

Kwa hiyo mkulima na ashike haya:

1. Usichome viota vya maji moto. Mkwezi na ajipake majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda.

2. Acha miembe, michungwa na mikorosho kati ya minazi, maana maji moto hupenda kukaa humo. Mikorosho yenyewe hufaidika, kwa kuwa huwazuia pia mbu wa mikorosho.

3. Fyeka majani yasizidi, lakini usiyang'oe yote.

4. Minazi isiyogusana, funga kamba au fito kutoka mti hata mti, iwe daraja lao.

5. Ukitaka kuhamisha viota, vitoe vyote katika kundi moja, kwa sababu maji moto wa makundi mbalimbali huuana. Wala usivipeleke katika mnazi uliojaa sisimizi.

Yule mzee amekwisha panda miche ya mwembe na michungwa kati ya minazi yake. Kuchoma kulimchukua jioni moja. Kuirudisha jamii ile kutamchukua miaka. Wewe ambaye maji moto wako wangalipo, watunze.