Barabara ya Kwenu ni Matope Tupu? Cheki Vile Pesa Yake Hupangwa

Manze, mvua imenyesha saa mbili tu na tayari umeshika viatu mkononi, unaruka kutoka jiwe hadi jiwe ukitafuta stage. Nduthi imekataa kuingia, ama imekuongezea mbao. Usiku ndio noma zaidi, juu taa zilikufa kitambo na mtaro hauna kifuniko.

Kabla uanze kumtusi MCA mtandaoni, jua kwanza hiyo barabara ni ya nani. Barabara kubwa za serikali kuu mjini ziko chini ya KURA. Zile ndogo za kuingia mtaani, taa za barabarani na mitaro ya maji ya mvua ni kazi ya kaunti, na Katiba ya 2010 imeandika hivyo. Wasee wengi hubisha mlango mbaya mwaka mzima.

Na usidhani unaomba msaada. Wewe tayari umelipa. Kila lita ya petroli ama dizeli imebeba ushuru wa kutunza barabara, ambao ulitoka Sh18 ukafika Sh25 Julai 2024. Huna gari? Mat inakukata hiyo doh kwa nauli. Magavana na wabunge wamevutana hadi kortini juu ya nani ashike sehemu gani ya huo mfuko, kwa hivyo usiambiwe ni pesa kidogo.

Sasa kuna kitu hakuna mtu hutuambia: tarehe. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini sheria ya fedha za umma ya 2012 inasema kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo kwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Yaani miezi kumi kabla! Kufikia 28 Februari wanagawa viwango vya kila idara, na kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yako mezani. Sisi huamka Juni, wakati kila mtu anabonga bajeti kwa TV. Juni umechelewa, jo.

Kati ya hizo tarehe kuna vikao vya maoni ya wananchi. Tangazo hutoka kwa gazeti ambalo hakuna mtu kwa ploti yenu hununua, kisha mnakutana sosho siku ya kazi, saa nne asubuhi. Nilienda kimoja, juu tangu niache chuo wakati ninao. Vijana tulikuwa watatu, na mmoja alifuata soda. Watu walisimama mmoja mmoja wakasema "tunataka maendeleo", karani akatingisha kichwa. Halafu akasimama mathe wa chapati na karatasi yake: barabara inaanzia wapi, inaishia wapi, maji hutuama mahali gani, taa ngapi zimekufa. Huyo ndiye karani aliandika. Taa zake zilikuja. Lami bado anangoja.

Ukitaka kuona hii kitu ikifanywa kwa ukubwa, angalia Mukuru. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru eneo maalum la mipango. Kuna familia zaidi ya 100,000 pale Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani. Wakazi waliketi kwa vikundi vya nyumba kwa nyumba wakajadili hadi upana wa barabara, kwa sababu ukifuata vipimo vya kawaida vya mji, keja nyingi sana zinaenda. Wakakubaliana barabara nyembamba, watu wabaki. Kutoka 2020, NMS ikaanza kuweka lami na mitaro huko.

Lakini ni Mukuru hiyo hiyo ambapo mwisho wa 2021 maelfu waliachwa bila keja, Kwa Njenga, kwa ubomoaji ulioanza kama wa kupisha barabara. Barabara ikija bila nyinyi kuketi mezani, inaweza kupita juu ya kitanda chako. Ndio maana mimi siwezi kukwambia lami yoyote ni lami nzuri.

Kwa hivyo form ni gani? Fanya kama yule mathe: piga picha, pima kwa hatua, andika jina la barabara na majina ya majirani, mpeleke kabla ya Septemba. Na kama barabara yenu imeandikwa kwa bajeti lakini mtaani hakuna hata koleo, kuna sheria ya kupata habari ya 2016. Andikia kaunti ukiuliza kandarasi alipewa nani, kwa pesa ngapi, na imelipwa kiasi gani. Wana siku 21 za kukujibu. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani.