Mnyama Hasemi, Mate Yake Yanasema

Mtu akiumwa atasema, na mtoto mchanga atalia. Je, mbuzi? Wanyama wanaowindwa wana tabia ya kuficha maumivu, kwani anayechechemea ndiye simba humwona kwanza. Ndiyo maana mara nyingi mfugaji hugundua ugonjwa umeshakomaa: maziwa yamekatika na mnyama hali. Wanafunzi wa fiqhi wanajua kuwa mnyama mwenye ugonjwa ulio dhahiri hafai kwa udhhiya. Sisi hapa tunazungumzia ugonjwa ambao bado haujadhihiri.

Mahali penye jeraha au vijidudu, chembe nyeupe za damu hukimbilia, na sehemu ile hupata joto na kuvimba. Ndani ya chembe hizo mna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za mwili. Kimoja huitwa adenosini diaminesi. Kazi yake ni kuibadili adenosini iwe inosini, na hapo hutoka amonia, ile yenye harufu kali tuijuayo zizini. Uvimbe ukizidi, utendaji wa kimeng'enya hiki unaweza kupanda katika damu, na katika mate pia.

Tumesema utendaji kwa makusudi. Maabara haihesabu vimeng'enya, bali hupima kazi yake. Sampuli hutiwa adenosini katika joto la nyuzi 37, kisha hutazamwa imebadilika kiasi gani. Yuniti moja ni mikromoli moja kwa dakika. Ni sawa na kumpima mpishi kwa chapati anazotoa, si kwa kimo chake.

Kwa nini mate? Damu inataka sindano, kamba na watu wa kumshika mnyama, naye akishtuka baadhi ya vipimo hubadilika kwa hofu tu. Mate huchukuliwa kwa sifongo anachokitafuna. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Murcia, Hispania, wameifanya sana kazi hii, wakiwemo farasi na ng'ombe.

Lakini kipimo hiki husema tu kwamba pana moto. Hakisemi umewaka kiweleni, kwatoni au pafuni. Mabaki ya majani au damu ya fizi huharibu majibu. Tena ng'ombe mkubwa hutoa mate yapatayo lita 100 au zaidi kwa siku, na mate yakiwa mengi kimeng'enya huzimuliwa. Kwa hiyo daktari wa mifugo bado humpapasa kiwele, humpima joto na kumtazama anavyotembea, ndipo aamue dawa.