Upulizaji wa shanga za kioo

Upulizaji wa shanga za kioo ni njia ya kumalizia uso wa metali kwa kuupiga kwa punje ndogo sana za kioo zinazosukumwa na hewa iliyobanwa. Uso uliopigwa hivyo hupoteza mng'ao na kubaki na rangi ya kijivu iliyotulia. Mafundi wanaotengeneza visu kwa mkono huitumia kwa sababu huchukua dakika chache, wakati kung'arisha bapa la kisu kwa msasa kunaweza kula saa nyingi. Punje hizo huitwa shanga kutokana na umbo lake la mviringo, ingawa hazina tundu.

Asili na tofauti yake na mchanga

Njia hii ilitokana na upulizaji wa mchanga, ambao Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia, Marekani, aliupatia hataza mwaka 1870. Mchanga una kingo kali, hivyo hukata metali. Oksidi ya alumini, inayotumika pia siku hizi, hukata zaidi na kuacha uso mkavu wenye kukwaruza. Shanga ya kioo haikati: hugonga kama nyundo ndogo, ikaacha kishimo cha mviringo na kuruka. Ndiyo maana uso wake ni laini zaidi ukiguswa.

Kuandaa uso

Kwa kuwa shanga haziondoi metali, haziondoi pia mikwaruzo. Wanaoanza wengi hukosea hapa, wakidhani rangi ya kijivu itaficha alama za tupa au za mashine. Kinyume chake, mkwaruzo mrefu huonekana wazi zaidi katikati ya uso ulio sawa kote.

Bapa husuguliwa baada ya kisu kutiwa matiko, yaani kupashwa moto mkali na kupozwa ili feleji iwe ngumu, kwa sababu moto huacha magamba meusi. Fundi huanza na msasa wa namba 120, kisha 220, na mara nyingi huishia 400. Kila namba husuguliwa kwa mwelekeo unaokata ule wa kwanza, mpaka mistari ya msasa uliotangulia itoweke yote. Kung'arisha zaidi ya hapo ni kupoteza muda, maana shanga zitaufuta mng'ao huo.

Kisha kisu huoshwa kwa asetoni au spiriti na kushikwa kwa glavu safi. Mafuta ya kidole hunasa vumbi la kioo na kuacha doa. Mashimo ya pini na sehemu zinazosuguana katika kisu cha kukunja huzibwa kwa utepe. Makali hunolewa mwishoni, baada ya kupuliza.

Kupuliza

Kazi hufanyika ndani ya sanduku lililofungwa, lenye dirisha na glavu ndefu. Kwa feleji, shinikizo la bar 3 hadi 4 kwa kawaida linatosha. Likizidi sana, shanga huvunjika, na vipande vyake vyenye ncha huanza kukata kama mchanga. Hewa ipitishwe kwenye kichujio cha maji, kwani unyevu hugandamanisha shanga na kuziba mdomo wa bomba. Mkono usisimame mahali pamoja. Bapa jembamba ligeuzwe mara kwa mara, kwa kuwa kugonga upande mmoja tu hutanua ngozi ya metali upande huo na kunaweza kulipinda.

Kutu

Vishimo huongeza eneo la uso na kushika maji, chumvi na jasho. Kwa hiyo hata feleji isiyoshika kutu, inayolindwa na tabaka jembamba la oksidi ya kromi, huweza kupata madoa ikipulizwa kuliko ikiwa imeng'arishwa. Hali huwa mbaya zaidi kama shanga zilezile zilitumika awali kwa chuma cha kawaida: chembe za chuma hujipachika kwenye bapa na kuota kutu. Kisu kikitoka sandukuni huoshwa, hukaushwa na kupakwa mafuta mara moja. Kwa kisu cha jikoni, kinacholowa kila siku, umalizio huu si chaguo zuri.

Usalama

Vumbi la mchanga wenye silika ya fuwele husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Nchini Uturuki, vijana waliopuliza mchanga kwenye suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa waliugua kwa wingi, na mwaka 2009 kazi hiyo ilipigwa marufuku. Kioo cha shanga hakina fuwele hizo, lakini vumbi lake, likichanganyika na chembe za kromi na nikeli kutoka kwenye kisu, bado hudhuru mapafu. Sanduku linahitaji kifyonza vumbi, na anayelifungua kubadilisha shanga avae barakoa yenye kichujio. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi jembamba kiasi hicho.